Umri wa Jiwe, Umri wa Mlima na Umri wa Maji

Asimamaye chini ya maporomoko ya Sanje, katika milima ya Udzungwa, akayatazama maji yakishuka kwa maanguko matatu, jumla yake kiasi cha mita 170, kabla hayajatulia na kushika njia ya bonde la Kilombero, aghalabu hujiwa na swali moja, nalo ni swali la umri: mambo haya yalianza lini? Swali ni la haki, ila ndani yake mna dhana isiyo sahihi, kwamba kilicho mbele ya macho ni kitu kimoja chenye tarehe moja ya kuzaliwa. Ilhali pale pamekutana vitu vitatu, kila kimoja na nasaba yake na hesabu yake ya miaka. Pana jiwe, pana mlima, na pana maji. Jiwe limeutangulia mlima kwa muda ambao mwanadamu huweza kuuandika kwa tarakimu, lakini kuufikiri kwa ukamilifu ni muhali. Na mlima nao umeyatangulia maporomoko kwa muda usiokuwa haba. Azichanganyaye hesabu hizo tatu hana lawama akiwa ni mpita njia tu. Lakini yule atakaye kujua ni lipi katika hayo litakalodumu, na ni lipi laweza kutoweka naye yu hai anatazama, hana budi kuzitenga.

Milima ya Udzungwa ndiyo mikubwa kuliko yote katika ile safu iitwayo Tao la Mashariki, ianziayo Taita katika nchi ya Kenya, ikapita Upare, Usambara, Nguru, Ukaguru na Uluguru, hata ikafika hapa, mahali ambapo kilele cha Luhombero kimepanda mita 2,576 juu ya usawa wa bahari. Msafiri wa barabara ya Mikumi kwenda Ifakara, akisha kuuvuka mto Ruaha Mkuu pale Kidatu na kuingia baina ya mashamba ya miwa, huwa na ukuta wa milima hiyo mkono wake wa kuume, umesimama ghafula kutoka katika bonde tambarare lisilozidi sana mita 300, bila ya vilima vya kumtayarisha mtu wala mteremko wa kumfariji. Ukuta huo umevikwa msitu kutoka chini hadi juu, jambo adimu katika Afrika nzima, na tangu mwaka 1992 sehemu yake yenye eneo la kilomita za mraba 1,990 imekuwa Hifadhi ya Taifa. Wala mtu asidhani kwamba ni milima ya jamaa moja na Kilimanjaro au Meru. Ile ni mizao ya moto, na moto wa Kilimanjaro haukuanza kutoka ardhini ila katika miaka milioni 2.5 iliyopita, au karibu na hapo. Ama Udzungwa haina kreta wala majivu wala lava, na asili yake ni nyingine kabisa.

Na tuanze na jiwe. Lile jabali la kijivu ambalo maji ya Sanje huliteremkia, likitazamwa kwa karibu mahali lilipooshwa na mto, huonekana lina mistari ya weupe na weusi iliyopishana, na mistari hiyo haikunyooka, bali imepinda, ikajikunja na kujirudia, kama donge la unga lililokandwa kwa mikono yenye nguvu kabla halijasukumwa. Weupe ni kwatsi na feldispa. Weusi ni ulanga na madini mengine yenye chuma ndani yake. Na katika mawe ya namna hii pengine huonekana punje nyekundu za ganeti, ndogo kama mtama. Wanajiolojia huliita naisi, nalo ni jiwe lililokuwa kitu kingine kabla ya kuwa hili tulionalo, likageuzwa na joto na mgandamizo pasipo kuyeyuka lote. Kutokana na uwiano wa madini yaliyomo, wajuzi hupima jinsi lilivyopata moto na jinsi lilivyolemewa, nao wametuambia kwamba mawe mengi ya Tao hili yaliiva katika joto la nyuzi zipatazo 800 za Selsiasi, yakiwa kilomita 30 na zaidi chini ya uso wa nchi. Basi jiwe hili, tulitajalo kila tutakapo kusema habari ya ugumu, lilipata kuwa laini, likakubali kukunjwa, na mikunjo ile ndiyo ushahidi wake, umeandikwa ndani ya mwili wake wenyewe, hata hahitajiki shahidi wa pili.

Ni nani aliyelikanda? Jawabu ni mabara. Baina ya miaka milioni 650 na milioni 550 iliyopita, wakati ambapo juu ya nchi kavu hapakuwa na mti wala mnyama, vipande vikubwa vya ganda la dunia vilisukumana hata bahari iliyokuwa katikati yao ikafungika, na mahali pa kukutana kwao pakainuka safu ya milima ambayo wataalamu huilinganisha na Himalaya ya leo. Kutokana na mgongano huo na mingine ya zama zake likaungana lile bara kuu la kale liitwalo Gondwana, ambalo ndani yake Afrika, Bukini, Bara Hindi, Amerika ya Kusini, Australia na ncha ya kusini ya dunia zilikuwa nchi moja isiyotengwa na maji. Jiwe la Sanje ni la mizizi ya mgongano huo. Halikuwa kilele cha mlima ule wa kale wala ubavu wake. Lilikuwa chini kabisa, mahali ambapo uzito wote uliegemea.

Jina la ukanda huo wa mawe, utokao Msumbiji ukapita katika nchi yetu na Kenya hadi Uhabeshi, lilitiwa na Mwingereza Arthur Holmes, naye ni mtu anayestahili kutajwa na kila mwenye kuuliza umri wa mawe. Mwaka 1911, akiwa kijana wa miaka 21, alikwenda Msumbiji kutafuta madini. Madini ya maana hakuyapata, akapata homa ya malaria. Lakini alikuwa amekwisha kuijua elimu mpya ya kusoma umri wa jiwe kwa kupima jinsi urani iliyomo inavyogeuka kuwa risasi, mgeuko uendao kwa mwendo usiobadilika, ambao nusu ya urani ya kawaida huumaliza kwa muda wa miaka ipatayo bilioni 4.5, na mwaka 1913 akatoa kitabu chake juu ya umri wa dunia, wakati ambapo wakubwa wa elimu hiyo walikuwa bado wanabishana kama dunia imefika hata miaka milioni mia. Mwaka 1948, mbele ya mkutano wa wanajiolojia wa dunia uliofanyika London, aliyapanga makunjo ya kale ya Afrika kwa utaratibu wa umri wake, na ukanda huu wa pwani ya mashariki akauita Ukanda wa Msumbiji. Kwa njia hiyo mawe ambayo mababu waliyakanyaga bila ya kuwa na haja ya kuyauliza kitu, yalipata sauti. Si sauti ya hekaya, bali ya hesabu.

Ukanda huo huo ndio uliotuzalia vito. Tanzanaiti ya Mirerani, iliyopata kujulikana mwaka 1967, na yakuti nyekundu za Mahenge, ng'ambo ya pili ya bonde la Kilombero, zimetokana na taabu ile ile ya joto na mgandamizo iliyolikunja jabali la Sanje. Tofauti ni ya malighafi na ya bahati tu, kwamba pale palikuwa na mawe ya chokaa na chembe chache za madini adimu, na hapa hapakuwa nazo. Avaaye kito hicho kidoleni na anaweye uso kwa maji ya Sanje wameshika, kila mmoja kwa namna yake, kitu cha zama moja.

Sasa tuje katika umri wa pili. Mlima ule wa kale, pamoja na utukufu wake wote, ulikwisha. Mvua na upepo na jua viliusaga kwa mamia ya mamilioni ya miaka, na kadiri uzito wa juu ulivyopungua ndivyo mizizi yake ilivyopanda polepole, hata yale yaliyokuwa kilomita 30 chini yakawa ndiyo uso wa nchi. Hapo mtu ataona kwamba kuwapo kwa naisi juu ya ardhi ni habari ya kutoweka kwa kila kilichokuwa juu yake. Wala kutoka huko kwa mawe hakukuleta mara moja milima tuionayo. Kulileta nchi iliyochakaa na kusawazika, ambayo lau msafiri angalipita juu yake asingaliona cha kumstaajabisha.

Udzungwa ya leo ni kazi ya nyufa. Katika zama ziitwazo Karoo, zilizoanza kiasi cha miaka milioni 300 iliyopita, bara la Gondwana lilianza kuvutwa huku na huku. Ganda la dunia likapasuka kwa mistari mirefu, na baina ya mistari hiyo vipande vya nchi vikazama na kuwa mabonde yaliyojaa mchanga na tope na mabaki ya miti ambayo leo ni makaa ya mawe. Kuvutwa huko ndiko kulikokwisha kwa Bukini kutengana nasi, jambo lililotukia yapata miaka milioni 165 iliyopita. Kisha nyufa zikalala. Lakini ufa wa kale ni mahali dhaifu, na mahali dhaifu hukumbukwa na nguvu za ardhi. Katika miaka milioni 30 ya mwisho, zama ambazo Bonde la Ufa limekuwa likiipasua Afrika ya Mashariki, nyufa nyingi za Karoo ziliamka, bonde la Kilombero likazidi kuzama, na upande wake wa magharibi ukabaki juu, ukisimama kama tuuonavyo. Dhahiri basi kwamba mlima huu haukujengwa kwa kurundikwa, wala kwa moto. Kwa sehemu kubwa umefanywa na bonde. Lile shamba la mpunga la chini na lile jabali la juu ni kipande kimoja cha nchi kilichokatwa, upande mmoja ukashuka na upande mwingine usishuke, na tofauti ya usawa wao ndiyo tunayoiita mlima.

Ama maji, umri wake ni wa tatu, na ndio mfupi. Yeye atazamaye ramani ataona kwamba baina ya ukuta huu na Bahari ya Hindi hakuna kizuizi kikubwa cha kupokea mawingu kabla yake, isipokuwa Uluguru. Kwa hiyo pepo zitokazo baharini hufika hapa zingali zimebeba unyevu wake, hupandishwa ghafula na ukuta, hupoa, na kuutua mzigo. Ubavu wa mashariki hupata mvua ifikayo milimita 2,000 kwa mwaka na kupita, na ukivuka kilele ukashuka upande wa magharibi kuelekea Iringa unakuta miombo na nyasi za nchi kavu. Na kwa kuwa bahari hiyo haikupoa sana hata katika zile zama za barafu zilizoikausha sehemu kubwa ya Afrika, msitu wa hapa ulipata kubaki msitu kwa mamilioni ya miaka, ukawa hifadhi ya viumbe ambao jamaa zao kwingineko wamekwisha kutoweka. Mwaka 1979 watafiti Katherine Homewood na Alan Rodgers walimkuta katika msitu huu tumbili asiyepata kuandikwa na elimu, ambaye leo anajulikana duniani kwa jina la Sanje. Na mwaka 1991 wataalamu wa ndege kutoka Denmark, walipokuwa kambini, waliona ndani ya chungu cha mboga miguu ya ndege wasiyemtambua, akabainika kuwa ni kwale mgeni kabisa kwa elimu, ambaye jamaa zake wa karibu wanaishi katika milima ya Asia. Ndege mmoja chunguni akashuhudia kwamba Afrika na Asia zilipata kuunganishwa na misitu ambayo leo haiko.

Lakini maporomoko yenyewe ni kitu gani? Ni mto usiomaliza kazi. Kila mto, ukiachwa kwa muda wa kutosha, hujitengenezea mteremko ulio laini kutoka chanzo chake hadi mwisho wake, ukichimba mahali palipoinuka na kujaza mahali palipozama. Na mahali ambapo maji huanguka badala ya kuteremka ni mahali ambapo kazi hiyo ingali inasubiri, ama kwa sababu nchi imekatika karibuni, ama kwa sababu jiwe ni gumu kuliko majirani yake. Sanje ina sababu zote mbili. Mto wake hukusanyika juu, penye nchi pana ya milimani, ukakutana ghafula na ukingo wa ufa. Nao huko ukingoni hukuta naisi yenye matabaka yasiyolingana, lililojaa kwatsi likikaidi, lililojaa ulanga likikubali, hata anguko likagawanyika maanguko matatu. Chini ya kila anguko maji huchimba ziwa. Mawe madogo yaliyonaswa katika mashimo huzungushwa na mkondo hata yakatoboa visima vya duara ndani ya jabali. Nyufa hupanuka, magogo ya mawe yakavunjika na kuporomoka. Na ukingo mzima wa maporomoko hurudi nyuma kidogo kidogo kuelekea chanzo cha mto. Maporomoko tuyaonayo leo hayapo mahali yalipoanzia, wala hayatakaa mahali yalipo.

Na vumbi la kazi hiyo huenda mbali. Katika joto na unyevu wa nchi hizi feldispa hugeuka udongo laini, ulanga huvunjika vipande vyembamba ving'aavyo, na kwatsi hubaki kuwa mchanga, kwa maana haina cha kugeuka. Hayo yote hubebwa na Kilombero hadi kukutana na Luwegu, ambapo mto hupewa jina la Rufiji, kisha ukayapeleka hadi kwenye delta inayotazamana na kisiwa cha Mafia. Na juu ya tope hilo, lililochanganyika na tope la sehemu kubwa ya kusini ya nchi, umeota msitu wa mikoko mkubwa kupita yote ya pwani hii. Boriti zilizokatwa humo zilipakiwa majahazini kwa karne nyingi, zikaezeka nyumba za Unguja na kuvuka hadi Arabuni, mahali ambapo miti ni haba. Kwa hiyo mtu wa Maskati aliyelala chini ya dari ya boriti za Rufiji alikuwa na deni kwa milima ambayo hakupata hata kuisikia. Desemba 2022, bwawa lililojengwa katika korongo la Rufiji, mahali palipojulikana kwa jina la Stiegler, lilianza kujazwa, na tangu hapo sehemu ya shehena ile ya mchanga na tope hutua humo kabla ya kuifikia bahari.

Mtu akisha kuzitenga hesabu hizi tatu, hupata jambo ambalo hakulitafuta. Sisi tuna mazoea ya kuuona ukongwe kuwa ni dhamana. Tukiambiwa kwamba jiwe lina miaka milioni 600, nyoyo zetu hutulia, tukadhani kwamba kila kilichokaa juu ya jiwe hilo kimerithi uthabiti wake, na kwamba maji yaliyoanguka hapo tangu kabla ya kuzaliwa babu wa mababu zetu yataanguka dahari. Lakini mambo ni kinyume chake. Jiwe haliwezi kudhuriwa nasi kwa namna yenye kufaa kutajwa. Mlima nao umepita uwezo wetu wa kuuangusha. Ni katika umri wa tatu tu, ule wa maji na msitu na mvuke, ndipo mkono wa mwanadamu unapofika, na ukifika huko hauhitaji miaka milioni, huhitaji msimu mmoja.

Ushahidi uko katika ukuta huu huu, kwa upande wa kusini-magharibi, kwenye korongo la Kihansi. Huko palikuwa na maporomoko ambayo manyunyu yake yalilowesha usiku na mchana majani ya kando ya jabali, na katika mahali hapo palipopata hekta mbili tu, pasipozidi shamba la mtu mmoja, aliishi chura wa rangi ya dhahabu, asiyefika sentimita tatu, ambaye hatagi mayai kama vyura wengine bali huzaa watoto walio hai. Elimu ilimpata mwaka 1996, wakati mradi wa umeme ulipokuwa umekwisha kuanza. Mwaka 2000 mto ukageuzwa kwenda kuzungusha mitambo, ambayo uwezo wake ni megawati 180, na karibu maji yote yakaondoka katika maporomoko, manyunyu yakakoma, ikabidi wahandisi watandaze mabomba ya kunyunyiza maji ili kuiga kile kilichokuwa kikifanywa na mto bila ya malipo. Vyura karibu 500 walikuwa wamechukuliwa kupelekwa Marekani kulelewa katika bustani za wanyama, nayo ilikuwa ni busara, kwa sababu waliobaki walipungua hata, maradhi ya kuvu yalipowashukia, wakamalizika, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba chura wa Kihansi hayupo tena porini. Mwaka 2012 kizazi cha wale waliolelewa ugenini kilianza kurudishwa kwao. Jabali la Kihansi halikubadilika katika miaka yote hiyo hata kwa unene wa ukucha, mlima haukubadilika, kilichobadilika ni unyevu wa hewa, na hapo ndipo kiumbe kilipoanza kusogea kwenye ukingo wa kutoweka.

Sisemi haya ili kuulaumu umeme, maana taa zake zimetuwakia sote, na mwandishi naye ni mmoja wetu. Nasema ili hesabu iwekwe mahali pake. Mito ya ukuta huu hutiririka hata wakati wa kiangazi, si kwa sababu mvua haikomi, bali kwa sababu msitu wa juu na udongo wake hupokea maji ya masika, huyaweka, na kuyatoa kwa kadiri. Na msitu huo ukiondolewa, mvua itanyesha vile vile, itashuka yote kwa siku chache pamoja na udongo mwekundu, kisha jabali litabaki kavu, likiwa na miaka yake milioni 600 bila ya kupungukiwa na mmoja. Wanaoishi chini yake, wakulima wa mpunga wa Kilombero na watu wa mijini ambao taa zao hutegemea mito hii, hawanywi jiwe wala hawalimi kwa mlima.

Basi aisifuye milima hii kwa ukongwe wake hakukosea, ila amesifu sehemu isiyomhitaji. Inayomhitaji ni ile changa, nayo haitunzwi kwa sifa bali kwa mambo ya kawaida kabisa: mpaka wa msitu usiosogezwa, mti usiokatwa juu ya chemchemi, na mhandisi ahesabuye, kabla hajaugeuza mto, ni kina nani wanaoishi kwa manyunyu yake.